AFYA NA CHAKULA: Kopo la Unga na Sahani ya Maharagwe

Kabla ya jua kuchomoza, barabara itokayo Eldoret kwenda Iten, hapo inapopita Kimumu, hujaa wakimbiaji. Wachache ni mabingwa wenye mashamba yao. Walio wengi ni vijana waliopanga chumba kimoja, na huko nyumbani ndugu wamechanga fedha za viatu na za pango wakingojea siku ambayo mtoto wao atashinda mbio za ng'ambo. Kijana wa namna hiyo akiona miguu mizito siku tatu mfululizo, hakosi mtu wa kumwambia akanunue kopo. Ndani ya kopo huwamo unga wa protini, au vidonge vya vitamini, na nje yake pana picha ya mtu mwenye misuli kama fahali. Fedha inunuayo kopo hilo mara nyingi ndiyo ile ambayo ingenunua maziwa na mayai.

Yafaa basi kuuliza mwili hudai nini baada ya kazi nzito. Hudai maji, hudai wanga, kwa kuwa mbio ndefu humaliza sukari iliyowekwa akiba katika misuli, hudai protini ya kutengeneza kilichochakaa, na hudai usingizi, ambao hauuzwi dukani. Mwaka 2004 mtaalamu Mkenya Vincent Onywera na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya chakula cha wakimbiaji 10 wa daraja la juu wa nchi hii. Zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyoipata ilitokana na wanga, kama ule wa ugali na wa sukari ya chai. Protini ilitoa kama sehemu moja tu katika kumi.

Lakini je, protini hiyo yatosha? Wataalamu wa michezo hupendekeza gramu 1.2 hadi 2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Mkimbiaji wa kilo 55 ahitaji, kwa hiyo, gramu 66 hadi 110. Nusu lita ya maziwa ina gramu 16 hivi. Mayai mawili, 12. Sahani ya maharagwe yaliyopikwa, kama 15. Na ugali wa gramu 300 za unga wa mahindi, karibu 24. Jumla ni 67, na bado hajala sahani ya pili ya maharagwe wala omena. Tena pungufu la protini ya mahindi hujazwa na maharagwe, jambo ambalo wapishi wa githeri walilifuata zamani bila kuambiwa na mtu. Ni kweli kwamba unga wa kopo humfaa mtu asiyeweza kupata chakula kwa wakati, kama aliye safarini. Huyo aliye na ng'ombe nyuma ya nyumba anunue wa nini?

Habari ya madini ya chuma ni tofauti, nayo yataka uangalifu zaidi. Mwili unaofanya kazi mahali pa juu kama Eldoret, penye mita 2,100 hivi juu ya bahari, hutengeneza damu nyingi na hutumia chuma kingi. Na wasichana hupoteza chuma kila mwezi. Mkimbiaji aliyepungukiwa huchoka upesi, na hapo vidonge vyaweza kumsaidia kweli. Hata hivyo apimwe damu kwanza, kwa sababu uchovu una asili nyingi, na chuma kikizidi hudhuru ini. Mkulima wa Uasin Gishu halalamiki akiambiwa apime udongo kabla ya kununua mbolea; na damu ipimwe vivyo hivyo. Chai nayo, pamoja na sifa zake zote, huzuia chuma cha maharagwe kisiingie mwilini. Mkimbiaji na ainywe asubuhi pamoja na mkate akitoka mazoezini, lakini wakati wa githeri ale chungwa, na chai ingoje saa moja.

Mwaka 2018 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa maelezo ya wataalamu, ambayo yalitaja vitu vichache tu vyenye ushahidi mzuri wa kuongeza uwezo wa mwanamichezo: kafeini, kreatini, naitreti, beta-alanini na baikaboneti. Kafeini imo katika chai na kahawa. Iliondolewa katika orodha ya vitu vilivyokatazwa tangu Januari 2004. Kreatini huongeza uzito, nao ni mzigo kwa mtu wa marathoni.

Hatari kubwa iko katika kile kisichoandikwa juu ya kopo. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 kutoka nchi 13, na mwaka 2004 ikatangaza kwamba 94 kati yake zilikuwa na homoni za kukuza misuli ambazo hazikutajwa katika karatasi zake. Msomaji asidhani mambo hayo ni ya Ulaya tu. Mwaka 2024 mbolea bandia iligunduliwa katika magunia waliyouziwa wakulima wa Kenya, nayo magunia yaliandikwa vizuri kabisa. Mkulima aliyedanganywa hupoteza mavuno ya mwaka. Mkimbiaji aweza kufungiwa miaka minne, kwa kuwa sheria humfanya yeye mwenyewe kuwa mwenye dhamana ya kila kitu kipatikanacho mwilini mwake. Kusema "sikujua" hakumwondolei kosa, ijapokuwa akithibitisha kitu hicho kilitoka wapi adhabu yaweza kupunguzwa.

Anayelazimika kununua na atafute bidhaa yenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, maana yake imepimwa na watu wasio waiuzao. Alama hiyo hupunguza hatari, haiimalizi. Aulize pia ADAK, shirika lililowekwa na sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya mambo hayo. Dripu ya "kurudisha nguvu" aikatae kabisa: kutia mshipani zaidi ya mililita 100 katika saa 12 kumekatazwa, isipokuwa kwa matibabu ya hospitali au kwa kibali. Na kopo likiisha asilitupe. Ahifadhi kopo lenyewe, nambari ya toleo na risiti ya duka, kwani siku ya kupimwa ataulizwa alitumia dawa gani na virutubisho gani katika siku saba zilizopita, na majibu yake yataandikwa.