MAONI: MAJI MEUPE SI LAZIMA YAWE SALAMA



Kila kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, nikipita nyumba kwa nyumba nasikia maneno haya: "Sasa maji ya Ruvubu ni meupe, hayana shida." Mvua zikirudi na mto ukiwa mwekundu, kila mtu anaogopa. Mimi nasema tujihadhari nyakati zote mbili.

Ruvubu inapita upande wa Gitega, inapokea Ruvyironza, kisha inashuka hadi Muyinga na kwenda kuingia Kagera. Njiani inakusanya udongo wa milima na mashamba. Udongo huo una chuma na madini mengine. Mvua za kwanza zikiuosha, madini huja mtoni yakiwa yamenata kwenye tope. Ukiacha bidoni itulie, sehemu kubwa hushuka chini pamoja na tope hilo.

Kiangazi mambo hubadilika. Mto unapungua, na sehemu kubwa ya maji yanayobaki inatoka ardhini, imepita kwenye mawe. Madini yaliyoyeyuka humo hayaonekani kwa macho. Tena, kama kuna uchafu unaomwagwa mtoni, maji ya kuuzimua ni machache. Muyinga dhahabu huchimbwa kwa mikono, na wachimbaji wadogo wa nchi nyingi hutumia zebaki kuikamata.

Tunawafundisha kuchemsha maji na kutia klorini. Endeleeni, maana kipindupindu kinaua haraka. Lakini moto na klorini haviondoi zebaki, wala madini ya risasi, yale ya betri za gari. Maji yakichemka sana yanapungua, madini yanabaki. Shirika la Afya Duniani linataka risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita, kwa kuwa inadhuru ubongo wa watoto.

Maoni yangu ni haya: anayepima maji mara moja kwa mwaka amepima msimu mmoja tu. Tuombe madini yapimwe mara mbili, mwisho wa kiangazi na mvua zinapoanza. Kamati za maji, ulizeni jambo hili mkutanoni.

Nawe uliye nyumbani, chota bombani au kwenye chemchemi iliyojengwa. Usichote upande wa chini wa mahali wanapooshea dhahabu. Maji ya tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa.