Bastola Husafishwa kwa Utaratibu, Si kwa Mazoea

Jumapili moja nilimzuru rafiki yangu huko Lavington. Nilimkuta akijiandaa kusafisha bastola yake juu ya meza ya chakula, wanawe wakicheza karibu. Nilipoonyesha wasiwasi alicheka. "Haina kitu, ndugu yangu. Magazini nimeshaitoa." Nilimsihi aivute nyuma ile sehemu ya juu inayoteleza. Risasi moja ikaruka, ikabingirika sakafuni hadi miguuni pa kitinda mimba wake.

Bwana huyu si mzembe. Ana leseni, na kila asubuhi huenda na silaha hiyo kazini katikati ya jiji la Nairobi kwa kuwahofu majambazi. Kosa lake ni la wengi: kudhani kuwa kutoa magazini ni kumaliza risasi. Ile iliyokwisha kuingia nyuma ya mtutu hubaki palepale ikingoja kidole.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu. Toa magazini kwanza, kwani ukiivuta sehemu ya juu ingali na magazini yenye risasi, utapakia nyingine. Kisha ivute, utazame ndani na kupapasa kwa kidole. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Fungua madirisha, maana dawa ya kusafishia ina mvuke mkali. Mafuta yawe kidogo, na mikono ioshwe baadaye, kwa sababu masizi ya baruti huwa na risasi, madini yenye sumu. Watoto wasiwepo kabisa.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye silaha aihifadhi salama wakati wote. Mnamo Desemba 2018 Serikali iliwapa raia wenye silaha siku 90 wapigwe msasa upya. Hatua hiyo ilifaa, lakini kujua tabia ya mtu si kujua ustadi wa mkono wake. Naona kila leseni inapofanywa upya, mwenyewe aonyeshe kwa vitendo, mbele ya afisa, jinsi anavyoondoa risasi na kusafisha silaha yake.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa hili, naomba radhi kwao, kinga ipo. Rafiki yangu alinyamaza kwa muda mrefu siku ile, kisha akawaambia watoto watoke nje. Lau angalifanya hivyo kabla!