Diani imejaa tena, lakini ni nani anayeshiba?

Kila shule zikifungwa Desemba, simu zinajaa picha zilezile za Diani: mchanga mweupe kama unga, ngamia amepiga magoti, dafu na mrija wake, na jamaa wa Rongai amekunja mikono utadhani kanunua bahari. Pengine hata kikundi chenu cha WhatsApp kimeshaanza kuchanga. Hakuna ubaya. Corona ilipofunga anga mwaka 2020, na Mzungu akakosa ndege, vijana wa mjini ni miongoni mwa waliosaidia hoteli za Pwani Kusini kufungua milango tena. Hilo tusisahau.

Swali ni hizo pesa zikishafika Kwale zinalala kwa nani. Na si swali la kupiga porojo tu, maana kaunti hii imepoteza mwajiri mkubwa. Base Titanium, waliokuwa wakisafirisha madini kutoka Kwale tangu 2014, walimaliza uchimbaji Desemba 2024. Madereva, mafundi, wauzaji wa mboga za kantini, wote walibaki wakiangalia upande mmoja: baharini.

Tuanze na barabara, kwa sababu ndiyo iliyobadilika zaidi. Zamani mtihani wa Diani ulikuwa mmoja tu, Likoni. Unashuka treni Miritini, unaingia mjini, unasimama foleni ya feri na jasho lako, ndipo uanze safari upya. Dongo Kundu ilipofunguliwa 2024, pamoja na daraja la Mteza lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, gari linatoka Miritini hadi Kibundani bila kugusa kisiwa cha Mombasa. Raha. Ila treni yenyewe ilipanda Januari 2024, kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 daraja la kawaida, kwa hiyo saa zimepungua na nauli imeongezeka. Na kuna upande ambao hatuusemi sana: yule mama wa viazi karai pale Likoni alikuwa anakuuzia kwa sababu umekwama. Sasa hukwami, unapita mbio na vioo vimefungwa.

Mkifika, mnaingia kwenye nyumba mliyokodi kwa programu ya simu, ambayo mara nyingi mwenyewe yuko Nairobi au ng'ambo. Nyama mmekuja nayo, unga na vinywaji mmenunua supamaketi, dereva ni binamu yenu. Yaani mmeingia Kwale na kila kitu isipokuwa hewa! Siku tatu baadaye mmerudi, na aliyepata kitu ni mtu wa tuk-tuk na yule kijana wa ngamia.

Halafu kuna suala la ufuo wenyewe. Kifungu cha 62 cha Katiba kiko wazi: ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Si ya hoteli, si ya mwenye jumba la kifahari. Lakini haki hiyo ina kichekesho chake, kwa sababu unaweza kuwa na haki ya kukanyaga mchanga na usiwe na njia ya kuufikia. Tembea barabara ya Diani uone kuta zilivyoshikana, lango baada ya lango, askari baada ya askari. Mvuvi aliyekuwa akishuka na nyavu zake moja kwa moja sasa anazunguka. Mgeni wa chumba cha bei nafuu huko Ukunda naye anazunguka. Kwa maoni yangu, vichochoro vya kwenda baharini ni jambo zito kwa kijana wa Kwale kuliko mkutano wowote wa kutangaza utalii, kwani asipofika ufuoni hana pa kuuzia hata mabuyu.

Sasa njoo Wasini, kisiwa ambacho kila mtu anataka picha yake. Kina urefu wa kama kilomita tano, hakina gari, na kwa vizazi watu wake wametegemea maji ya mvua, kwa hivyo ukipewa ndoo ya kujisuuza chumvi usiifanye bwawa la kuogelea. Wazee wanaongea Kivumba, na ni kijiji cha Waislamu: jisitiri kidogo ukitoka kwenye mashua. Ng'ambo yake ndiyo Kisite-Mpunguti, hifadhi ya baharini inayosimamiwa na KWS, yenye pomboo na matumbawe.

Wengi hununua safari hii ufuoni Diani. Anayekuuzia aghalabu si mwenye mashua. Ana kamisheni yake, gari la kuwapeleka lina lake, ada ya KWS ina yake, na nahodha na mpishi wa Wasini wanagawana kilichobaki. Njia nyingine ipo: panda matatu Ukunda, shuka njia panda ya Kanana, ingia Shimoni, uongee na wenye mashua uso kwa uso. Utapigwa jua zaidi na utabishana bei, lakini pesa inabaki ilipotoka samaki. Uliza pia kama kuna jaketi za kuokolea. Bahari haina mchezo na mtu wa bara.

Na chakula, jamani! Hapa ndipo tunajinyima wenyewe. Mtu anasafiri zaidi ya kilomita 500 aje kula chipsi na kuku. Diani ina jikoni lake, na jikoni hilo ni Ukunda, wanakolala wapishi na wahudumu wa hizo hoteli. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi. Jioni ni viazi karai na ukwaju, bajia, muhogo wenye ndimu na pilipili, na pweza. Huyo pweza ana hadithi: bamvua, maji yakipwa mbali, kina mama wanatembea mwambani na kijiti wakimtafuta mashimoni. Ukikaribishwa nyumbani kwa Wadigo unaweza kupata mchunga wa nazi; ni mchungu mwanzo, halafu unaomba tena.

Ukielekea Msambweni, simama Gazi. Tangu 2013 wanakijiji wanalinda mikoko yao chini ya mradi wa Mikoko Pamoja na kuuza hewa ya kaboni, na mapato yameingia kwenye maji na shule. Kina mama wana daraja la mbao la kutembelea ndani ya mikoko. Hapo kiingilio chako kinaonekana kinakoenda. Kaya Kinondo nako wenyeji ndio wanaokutembeza msituni, umejifunga kaniki, na hakuna kukumbatiana humo ndani, hata kama ni fungate.

Tatizo kubwa la Desemba ni kwamba tunaenda wote pamoja. Vyumba vinapanda, samaki wazuri wanachukuliwa na hoteli, mwenyeji ananunua kwa bei ya mgeni. Ikifika Mei, kusi na mvua zimeingia, wafanyakazi wa mkataba wanarudishwa nyumbani. Kama una uhuru wa kuchagua, Februari na Machi kaskazi bado inavuma, maji yametulia na vyumba vina nafasi. Ila tazama kalenda, kwani miaka hii Ramadhani inaangukia humo. Mchana migahawa mingi ya wenyeji itakuwa imefungwa. Subiri magharibi, uende Ukunda, utakuta kaimati bado zinachuruzika shira.