Mafundi wa magari wapime kwanza

Naomba nitoe maoni yangu kuhusu tabia ya baadhi ya mafundi wa magari kubadilisha vifaa bila kupima. Tabia hii inawaumiza wananchi, hasa sisi wa vijijini huku pwani ya Mtwara, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma.

Kijijini kwetu tunategemea gari moja dogo la abiria kwenda mjini. Masika ya mwaka huu lilianza kukohoa na kuzima njiani. Fundi wa kwanza alisema ni plagi, zikabadilishwa. Wa pili alisema ni pampu ya mafuta, ikanunuliwa. Wa tatu alisema ni sensa ya throto, yaani kifaa kinachoiarifu kompyuta ya gari dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Ikafungwa nyingine, gari likakohoa vile vile. Fedha za korosho za mwenye gari zikateketea. Usiku mmoja lilizima likiwa na mama mjamzito aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Ligula. Alifika salama, lakini kwa pikipiki na kwa rehema za Mungu.

Hatimaye alikuja kijana mmoja mwenye mita. Mimi nafundisha sayansi, hivyo nilisimama kutazama. Alifungua swichi bila kuwasha injini. Waya wa kwanza wa sensa ulionyesha volti 5, sawasawa. Waya wa ishara ulipaswa kuonyesha kiasi cha nusu volti kabla ya kukanyaga mafuta, kisha upande taratibu hadi volti 4 na ushei mafuta yakikanyagwa mpaka mwisho. Huu ulionyesha karibu volti 2 na kurukaruka. Akapima waya wa hasi, ambao haupaswi kuwa na volti ya maana, akazikuta humo. Alipochomoa soketi tuliona kutu ya kijani, kazi ya hewa ya chumvi. Akaisafisha na kuibana, mita ikasoma nusu volti, gari likapona. Akarudisha hata sensa ya zamani, nayo ikasoma vizuri. Haikuwa na kosa lolote.

Ndugu Mhariri, siwadharau mafundi wetu waliojifunza kazi chini ya mwembe. Wengi wana mikono mizuri. Lakini magari ya siku hizi yana kompyuta, na sikio peke yake halitoshi. Hata namba nilizotaja hutofautiana kwa aina ya gari, kwa hiyo fundi hana budi kuangalia kitabu chake. Mita ni kifaa kidogo, na umeme wenyewe ni ule ule tunaowafundisha watoto darasani.

Naishauri VETA, ambayo tayari ina mpango wa kuwatambua mafundi waliojifunzia mitaani, iwafuate mafundi wa wilayani kwa mafunzo mafupi ya kupima umeme wa magari. Nao wenye magari, kabla ya kutoa fedha, wamwulize fundi swali moja: umepima?

Kubahatisha kwa fundi hulipwa na mwenye gari, na siku nyingine hulipwa na mgonjwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mtwara Vijijini.