Wacheni kumwambia mfiwa "kazi ya Mungu haina makosa"

Wasee wa Matete, leo nitawakera na sitaomba msamaha. Hii sentensi tunarusha kila matanga, "kazi ya Mungu haina makosa," tuizike. Mama bado analilia mtoto wake na wewe ushamfunga mdomo. Hiyo si imani. Unakwepa machozi yake tu.

Wenye wamepitia moto kabisa hawaongei hivyo. Primo Levi, Myahudi wa Italia aliyetoka Auschwitz akiwa hai mwaka 1945, anasimulia siku wafungwa walichaguliwa nani ataenda kuuawa kwa gesi. Mzee mmoja akamshukuru Mungu kwa sauti kwamba hakuchaguliwa, na kitanda cha karibu kuna kijana wa miaka 20 ambaye anaenda. Levi alichukizwa na sala hiyo. Sasa fikiria shuhuda zetu za Jumapili: "Matatu ilipinduka, wengine wote wakafa, mimi Mungu akanikumbuka." Na mjane wa dereva, amekaa benchi gani akisikia hayo?

Mtaniambia, "Na Immaculée Ilibagiza je?" Sawa. Rwanda, 1994, alijificha siku 91 kwa bafu ya mchungaji na wanawake wengine saba, akisali rozari, akatoka akasamehe wauaji. Naheshimu. Lakini imani hiyo ni yake, ameilipia. Usiikope ukamchapie mtu mwingine. Mwaka huohuo kule Nyange, watu walikimbilia kanisani, likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wao, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Arusha. Hao waliokufa pia walisali.

Na hapa karibu, Kiambaa, 1 Januari 2008, kanisa lilichomwa na watu wakiwa ndani. Hiyo nayo ni kazi ya Mungu? Zii! Ni kazi ya binadamu. Ukisema Mungu ndiye alipanga, aliyeshika kiberiti anapumua.

Kama ni Biblia mnataka, fungueni Ayubu 42:7. Marafiki waliojifanya mawakili wa Mungu ndio Mungu aliwakasirikia. Ayubu aliyelalamika akaambiwa amesema sawa. Walichofanya vizuri ni zile siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno.

So matanga ijayo, pasua kuni, chota maji, keti. Akiuliza Mungu alikuwa wapi, mwache aulize. Wewe nyamaza.