Safari ya Farasi: Tuanze na Maji na Malazi

Katika chama chetu kuna wanaotaka safari yetu iwe ya siku mbili mashambani, tupande farasi na tulale huko huko. Wengine wanapinga, ati farasi ni wa matajiri wa Karen, sisi wa Eastlands tumezoea punda wa mkokoteni. Mimi nasema twende, lakini tupange vizuri.

Kwanza, farasi si mgeni kwetu. Kabla ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kufunguliwa mwaka 1954, mbio hizo zilifanyika papa hapa Kariokor. Barabara ya Racecourse tunayopita kila siku ni ushahidi.

Jina Kariokor nalo lina funzo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Waingereza walipeleka farasi na nyumbu kwenye mapori ya mbung'o kusini. Wanyama wakafa, na mizigo ikahamia vichwani mwa Waafrika. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Naam, safari isiyomfikiria mbebaji humwumiza mbebaji, si aliyeipanga.

Kwa hivyo tusianze kwa kuuliza tutafika wapi. Tuulize, maji yako wapi? Farasi mmoja aweza kunywa lita 30 au zaidi kwa siku, yaani mtungi na nusu wa lita 20. Farasi wanane ni mitungi 12. Sisi tuliopiga foleni ya maji mtaani twajua hiyo si mchezo! Tukiingia kijijini usiku bila taarifa, nani atayachota? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji akeshe kisimani.

Pili, kilomita. Farasi akitembea hupita kama kilomita 6 kwa saa. Kuna jamaa wamepiga hesabu: saa 10, kilomita 60. La hasha! Kuna milima, jua kali, na mapaja ya watu ambao hawajapanda hata punda. Kilomita 20 zatosha, tufike jua lingali juu, farasi wavuliwe matandiko, wanywe na kula kabla yetu.

Tatu, malazi. Tuandikie mapema shule ya bweni iliyo njiani, tulale huko wakati wa likizo, wasichana kwao na wavulana kwao, walimu wakiwapo. Sisi ni shule ya kutwa, na wazazi wengi watakataa wakisikia neno "kulala". Lakini mzazi akionyeshwa ratiba yenye jina la mahali, saa ya kufika na mwalimu wa zamu, atakataa nini tena?

Na pesa zisipotosha kukodi farasi? Twende kwa miguu na punda wawili wa mizigo. Kanuni ni ile ile: mbebaji kwanza.

Mwenye maoni tofauti na achukue kalamu. Yangu nimeiweka chini.