Gurudumu Lisimame Wapi?

Mei 2014, Mchungaji Peter Msigwa, wakati huo waziri kivuli wa maliasili na utalii, aliibua katika Bunge la Tanzania habari ya video ya wageni wa kampuni ya uwindaji ya Green Mile Safari. Ilionyesha uwindaji ambao hata asiyejua sheria angeugunia: magari yakiwafukuza wanyama, risasi zikitoka juu ya gari. Julai ya mwaka huo waziri Lazaro Nyalandu akaifutia kampuni leseni. Mwaka 2016, chini ya waziri mwingine, leseni ikarudi. Agosti 2019 Hamisi Kigwangalla akaifuta tena. Katika miaka yote hiyo watu walibishana kuhusu nani anambeba nani serikalini, wawindaji wametoka nchi gani, na kitalu cha uwindaji cha Natron ni halali ya nani. Gari lenyewe halikuulizwa sana.

Nadhani gari ndilo lililostahili kuulizwa kwanza, na nataka kuliulizia mahali pengine: kusini mwa Mto Ruvuma, katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Huko kwa sasa kuna vita, na bunduki zinazosikika si za watalii. Lakini vita ina mwisho, na ikiisha, vitalu vya uwindaji vitakuwa miongoni mwa biashara za kwanza kurudi, kwa sababu mwindaji tajiri hahitaji hoteli ya ghorofa wala barabara ya lami. Atataka kurudi na kilicho kipya sokoni: pikipiki za magurudumu manne, zile ambazo leo watalii huzipanda kwa mchezo kaskazini mwa Unguja. Kwa mwenye kitalu chenye milima, mashine hiyo ni kishawishi. Ni nyembamba, ni nyepesi, inapenya pale ambapo Landkruza inakwama, na haingoji mtu aifyekee njia.

Msomaji anayeijua Cabo Delgado kwa upande wa bahari tu anaweza kushangaa kusikia habari ya milima. Palma na Mocímboa da Praia zimekaa kwenye mchanga, minazi na mikoko. Ukiingia bara unapandishwa uwanda wa Mueda, nchi ya Wamakonde. Ukishuka kusini kuelekea Meluco na Taratibu, yanaanza majabali ya graniti yanayochomoza peke yake katikati ya miombo, mengine yakiwa na kuta ambazo hata nyani huzizunguka. Sehemu hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, iliyoanzishwa mwaka 2002 ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 7,500. Ni hifadhi inayoanzia baharini, kwenye visiwa vya akina Ibo na Matemo, na kuishia kwenye majabali hayo ya tembo. Magharibi zaidi, kati ya mito ya Ruvuma na Lugenda, kuna Hifadhi Maalumu ya Niassa, kilomita za mraba 42,000, inayoizidi kidogo Uswisi kwa ukubwa. Huko majabali ni mengi zaidi, na sehemu kubwa ya ardhi imegawanywa vitalu vya uwindaji wa kitalii.

Jabali kwa mnyama ni kimbilio. Chui hulala mapangoni, mbuzi mawe hukaa juu kabisa, na chini yake, maji ya mvua yanapokusanyika kwenye mikunjo ya mwamba, palahala na pofu hupata pa kunywa hadi kiangazi kirefu. Gari la kawaida haliwezi kukizingira kimbilio hicho. Mashine ya magurudumu manne inaweza, tena kwa dakika chache. Hapandi nayo mtu juu ya jabali. Anachofanya ni kulizunguka chini na kukata njia zote za kutokea. Wanaotetea mashine hizi husema hazifiki mlimani. Hazina haja ya kufika.

Athari ya mashine hizi kwa wanyama ilipimwa kwa makini mbali na kwetu. Katika msitu wa majaribio wa Starkey, mashariki mwa jimbo la Oregon nchini Marekani, watafiti waliwavisha elki, mbawala wakubwa wa nchi baridi, vifaa vya kufuatilia mienendo yao, kisha wakapitisha kwa zamu watu wa miguu, wa farasi, wa baiskeli na wa mashine za magurudumu manne. Waliowakimbiza elki zaidi ni wa mashine na wa baiskeli. Mnyama anayekimbia anaacha kula, na anayeacha kula kila siku anaingia msimu mgumu akiwa amekonda. Elki si palahala, na Oregon si Meluco, lakini sijui kwa nini palahala aupende muungurumo kuliko elki.

Ubishi wenyewe ni mkongwe Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1920, magari yalipoanza kufika Serengeti, Denys Finch Hatton, ambaye riziki yake ilikuwa kuwaongoza matajiri kwenye uwindaji, aliandika katika gazeti la The Times la London kulaani uuaji wa simba kutoka magarini. Hakuwa mpinzani wa bunduki hata kidogo. Alikuwa ameona kwamba mtu akiwa ndani ya gari haishiwi pumzi, na asiyeishiwa pumzi haoni pa kuachia. Sheria za baadaye zilichukua mantiki hiyo: sheria ya wanyamapori ya Tanzania inakataza kumpiga mnyama kutoka kwenye chombo cha moto au ndani ya mita 200 kutoka kilipo. Kenya ilikata shauri kwa njia nyingine mwaka 1977, ikapiga marufuku uwindaji wote.

Mimi siungi mkono njia ya Kenya kwa Cabo Delgado. Kitalu kisicho na mwindaji wala askari hakibaki kitupu. Kinaingiwa na jangili. Niassa inajua: tembo waliokadiriwa kuwa kama 12,000 mwaka 2011 walibaki kama 4,400 mwaka 2014, na waliowamaliza hawakuwa na leseni. Kinachonihangaisha ni kwamba uwindaji wa kitalii unajitetea kwa hoja ya kwamba ni mdogo, wa kuchagua, na wenye faida kwa wenyeji. Ukiupandisha kwenye mashine, hoja zote hizo zinaanza kuyumba, na inayoyumba zaidi ni ile ya kuchagua.

Chukua simba. Utafiti na mazoea ya Niassa, ambayo baadaye Tanzania nayo iliyaweka katika kanuni zake, yanataka simba wa kuwindwa awe dume aliyefikisha angalau miaka sita, umri ambao ameshalea watoto wake wakapona. Umri huo hausomwi kwenye manyoya ya shingo peke yake. Unatazama pua, ambayo kwa dume kijana ni ya waridi na huzidi kuwa nyeusi kadiri anavyozeeka. Unatazama makovu ya uso, umbo la tumbo, mwendo. Ni kazi ya kukaa kimya na darubini, upepo ukiwa usoni, mnyama akiwa hana habari. Katika Niassa nyara hukaguliwa msimu ukiisha, na kitalu kilichoua wachanga hupunguziwa mgao. Sasa mweke mteja aliyelipa maelfu ya dola juu ya kiti kinachorukaruka, simba ameshtuka na anakimbilia majani marefu. Nani atakayeitazama pua?

Na mteja hafiki kwa simba peke yake. Mbele yake hutangulia wafuatiliaji nyayo, watu waliolelewa Mecula, Nangade au Mueda, wanaolisoma jani lililokanyagwa na kujua kama nyati amepita kabla ya umande au baada yake. Kitalu kinawahitaji kwa sababu kuna kutembea. Punguza kutembea, na kwanza kabisa utakuwa umewapunguza wao: mashine inataka dereva na mafuta. Hoja ya faida kwa wenyeji huanza kuvuja hapo, katika ajira, kabla hatujafika kwenye asilimia.

Asilimia nazo zipo. Sheria ya Msumbiji inataka asilimia 20 ya ada zinazolipwa kwa matumizi ya misitu na wanyamapori irudi kwa jamii za eneo husika. Ni haki nzuri, na kama haki nyingi zinazopitia wilayani, hufika imechelewa na imepungua. Lakini hata ikifika yote, fedha haimfanyi mtu awe na jicho porini. Aliye na jicho ni yule anayelipwa kutembea.

Jambo ambalo huwa halizungumzwi kabisa katika mjadala wa mashine ni njia inayobaki nyuma yake. Pori la Cabo Delgado linalindwa kwa kiasi kikubwa na ugumu wa kuliingia. Mwenye kitalu hufyeka njia zake kila masika yakiisha, na anayefuata njia hiyo baadaye, awe mkata mbao, mtega nyaya au mpitisha pembe, hamwombi ruhusa. Pikipiki za kawaida ndizo zinazobeba ujangili mwingi wa siku hizi. Zinahitaji mkondo mwembamba tu. Mashine ya magurudumu manne hutengeneza mkondo huo bila hata panga. Ikipita mara tatu kwenye mbuga yenye tope, alama itakuwepo msimu ujao, na tayari ni barabara ya mtu mwingine.

Palma ina historia yake katika hili. Mwaka 2008 mistari mirefu ilifyekwa porini Cabo Delgado kupima mitetemo ya ardhi, katika kutafuta mafuta na gesi. Mwandishi Mia Couto, ambaye ni mwanabiolojia na ambaye kampuni yake ilikuwa imepeleka vijana kufanya kazi ya mazingira katika shughuli hiyo, ameeleza jinsi simba walivyoanza kuua watu wakati huohuo na katika eneo hilohilo, vifo vikafika 20 katika muda wa miezi kama minne. Wawindaji waliletwa. Walipata miezi miwili ya hofu na ya kushindwa kabla ya kuwaua simba hao, na kutoka katika masaibu hayo Couto akaandika riwaya yake A Confissão da Leoa. Sidai kwamba mistari ndiyo iliyowaleta simba. Huko Muidumbe, miaka ya 2002 na 2003, simba waliua makumi ya watu bila mistari ya mafuta, na ng'ambo ya Ruvuma, Lindi na Mtwara zimezika wengi, mara nyingi wakulima waliolala shambani kuwinga nguruwe mwitu. Ninachokichukua Palma ni kidogo zaidi: kampuni kubwa, fedha, magari, na bado kazi ilimalizwa na watu waliokwenda kijiji kwa kijiji kila walipoitwa.

Upande wa pili una hoja ambazo sitazipuuza. Ya kwanza ni miguu: wateja wengi wa uwindaji wa kitalii ni wazee, na mwenye goti bovu naye amelipa. Sawa, abebwe mpaka mwisho wa njia iliyoruhusiwa. Kisha akae mahali pa kuvizia, mnyama aje. Ya pili ni nyama. Pofu dume anaweza kupita kilo 600, na jua la Oktoba halimsubiri mchukuzi. Hapa mashine ina haki yake: bunduki ikishatolewa risasi na kutiwa kwenye mfuko, iingie ikachukue nyama ipeleke kijijini ikiwa bado inalika. Ningeandika ruhusa hiyo wazi katika leseni bila kusita.

Ya tatu ndiyo nzito. Nani atatembea kwa miguu porini Cabo Delgado leo? Tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa na wapiganaji Oktoba 2017, vita imekwenda Macomia, Quissanga, Nangade, Palma. Aprili 2025 ikaingia ndani ya Niassa: kambi ya uwindaji ya Kambako ikavamiwa, na siku chache baadaye kituo cha uhifadhi cha Mariri, ambako askari wa wanyamapori waliuawa. Mtu atasema kwamba mashine yenye kasi ni usalama. Kwa mteja, pengine. Kwa mwanakijiji ni kinyume chake. Wapiganaji wametumia pikipiki kushambulia vijiji, na mama aliyekwishakimbia mara mbili hawezi kuijua injini ya mtalii kutoka kwenye injini ya muuaji. Anawachukua watoto na kuingia porini tena. Na kama hali ni mbaya kiasi kwamba mteja hawezi kutembea kilomita tano na askari, basi kitalu hicho hakijafika wakati wa kufunguliwa.

Kwa hiyo sitaki mashine zipigwe marufuku; nataka zifungwe kwenye njia. Kila kitalu kiwe na ramani ya njia zake, na urefu wake usiongezeke bila kibali kipya. Njia iliyoachwa izibwe kwa magogo kabla ya masika. Bunduki yenye risasi isipande chombo chochote, na kuzunguka kila jabali lenye maji kuwe na mpaka ambao injini haivuki hadi mnyama awe ameshaanguka. Adhabu iwe ya mgao: njia haramu moja, nyati watatu pungufu mwaka unaofuata. Faini ya fedha huingizwa katika bei ya safari.

Kuandika haya ni rahisi kuliko kuyasimamia. ANAC, mamlaka ya hifadhi ya Msumbiji, haiwezi kuweka askari kwenye kila jabali, na shahidi aliyepo siku zote, mfuatiliaji nyayo, analipwa na yuleyule ambaye angepaswa kumshtaki. Bakhshishi ya mteja mwenye furaha inaweza kuwa kubwa kuliko mshahara wake wa mwezi. Ndiyo maana ningetaka mshahara huo utoke katika mfuko wa jamii, ulipwe na kamati ya kijiji, na fomu ya nyara isikubaliwe na wilaya bila sahihi ya mfuatiliaji huyo, ikitaja mahali gari liliposimama na mahali mnyama alipoanguka. Wenye vitalu wataipinga fomu hiyo kuliko jambo jingine lolote nililolitaja hapa.